Kipimo cha Nyongo

“Mara tatu,” Kidawa alikuwa anasema, vidole vitatu amevinyanyua juu ya beseni la unga. “Mara tatu umesema unga wangu mchungu. Sasa ubao umetuambia mchungu ni nani.”

“Unga ulikuwa mchungu,” Bi Mwanamvua akajibu, kama mtu aliyeulizwa leo siku gani.

Mimi nilikuwa nashuka ngazi kwenda kazini, na nilishachelewa, lakini ugomvi wa ghorofa yetu ya nne haupitwi hivihivi. Nikasimama. Watu wa ghorofa ya tano nao walikuwa wameshajaa kwenye ngazi, mmoja na mswaki mdomoni, na hakuna aliyejifanya anapita.

Jumba letu liko Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, hapa Tanga. Ghorofa tisa, milango kumi na miwili kila ghorofa, na jiko moja. Tangu mkaa upigwe marufuku, moto wote wa mji unatoka kwenye mtambo wa gesi ya makapi ya mkonge, na bomba linafika kwenye jiko moja tu la kila ghorofa. Kwa hiyo tunakula kikoa, upende usipende: leo zamu ya huyu, kesho ya yule, mkeka mmoja, sinia moja. Asiye kwenye kikoa anatafuna mkate mkavu chumbani kwake na kusikiliza wenzake wakicheka upande wa pili wa ukuta.

Ubao nao uko palepale mlangoni mwa jiko. Kila Ijumaa asubuhi kila mtu mzima anatoboa kidole, tone moja linakwenda kwenye kikaratasi, kikaratasi kinabandikwa chini ya namba yake. Namba, si jina; ofisi ya afya ilisisitiza sana jambo hilo. Siri ilidumu siku mbili. Sisi tunajuana kwa mlio wa ndala, itakuwa namba? Namba saba ilikuwa ya Bi Mwanamvua, na Ijumaa ya tatu mfululizo mstari wa namba saba ulikuwa umekolea rangi ya kahawa iliyochemka ikakaukia, wakati zetu sote hazikuwa na mstari wowote.

Na juu ya ubao, kwa herufi zinazosomeka hata kutoka kwenye ngazi, pameandikwa: KIPIMO CHA NYONGO.

Kwetu mtu akisema fulani ana nyongo, hazungumzii tumbo. Anazungumzia husuda, chuki, roho iliyochacha. Na Bi Mwanamvua ndiye aliyekuwa muonja unga wetu. Ilikuwa hivyo tangu miaka ya unga mbaya, mahindi yaliposhika kuvu ghalani na mtaa mzima ukashinda makaburini. Kila ghorofa ikajitafutia mtu mwenye ulimi. Sisi tulimpata yeye, mjane wa miaka sitini na ushei, mwembamba, asiye na maneno mengi. Anachukua unga kidogo kwa ncha za vidole, anauweka ulimini, anafumba macho. Akisema mzuri, sufuria inabandikwa jikoni. Akisema mchungu, unga unakwenda tanuruni na mwenye unga anatazama sakafu.

Kidawa alikuwa ametazama sakafu mara tatu mwaka ule, na si mwanamke wa kutazama sakafu. Ana mikono minene ya kusonga ugali wa watu thelathini, ana sauti, ana jino la dhahabu. Akauliza hadhara nzima, je, tumewahi kujiuliza kwa nini unga wake tu? Je, mtu mwenye nyongo akitia kidole chake kwenye unga wetu kila siku, sisi tunakula nini? Wengine wakaguna ule mguno wa kukubali bila kusema.

Bwana Hamdani, mwenyekiti wa ghorofa, ni mtu wa kutaka amani hata ikimgharimu mtu mwingine. Alisema wasigombane, Ijumaa ijayo Bi Mwanamvua atapimwa mbele ya watu, kabla ya chakula cha baada ya sala. Kikaratasi kikikolea mara ya nne, basi, kwa heri ya kikoa.

Bi Mwanamvua hakubisha. Alininyooshea kidole pale kwenye ngazi.

“Tunu huyo. Yeye ndiye anayevitengeneza hivyo vikaratasi. Aseme ni nyongo gani.”

Nyuso zote zikanigeukia. Na mimi, ambaye mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na ulimi wa ziada, nikasema nimechelewa kazini.

*

Watoto wakiuliza kwa nini huku kunaitwa Ngamiani, zamani walikuwa wanajibiwa kwa hadithi. Siku hizi wanapelekwa kwenye uzio wa maabara yetu wakamwone Bibi Harusi. Ndiye ngamia pekee mjini. Tulimpa jina hilo kwa sababu anatembea polepole, ameshusha kope, na hafanyi lolote mpaka abembelezwe. Mimi nilikuwa nauza mihogo ya kukaanga getini. Wasomi wote wa mle ndani walishindwa kumsimamisha atolewe damu. Mimi nikampa maganda ya muhogo, akasimama. Ndivyo nilivyoajiriwa. Kutoka kwenye maganda nikafundishwa sindano, kutoka kwenye sindano nikafundishwa vikaratasi, na leo nina koti jeupe lenye jina langu mfukoni.

Kazi yenyewe, nikiieleza kwa lugha ya getini, ni hii. Ini lina kimeng'enya kimoja, fundi mdogo sana, anayechukua lehemu, yale mafuta ya mwilini, na kuianzisha safari ya kuwa tindikali ya nyongo, ile inayoyeyusha mafuta ya chakula tumboni. Fundi huyu hatoki nje. Anaishi ndani ya seli za ini na anafia humohumo. Ukimkuta anazurura kwenye damu, ujue nyumba yake imebomoka. Na kinachobomoa nyumba hizo mjini kwetu ni sumukuvu, sumu ya ule unga mbaya, inayoweza kula ini la mtu miaka mingi kabla hajasikia hata kichefuchefu.

Kwa hiyo tukamdunga Bibi Harusi kimeng'enya hicho, kimesafishwa, kidogo mno. Mwili wake ukaona kuna kitu kigeni, ukatengeneza kingamwili za kukikamata. Kingamwili za ngamia ni ndogo kuliko za wanyama wengine, tena ngumu. Joto la Tanga haliziharibu, hazidai jokofu. Tunazipaka kwenye karatasi kwa mstari mwembamba. Damu ikipita, kingamwili zinamkamata fundi aliyepotea, mstari unakolea. Ndiyo habari yote. Hamna roho ya mtu humo.

Tatizo lilikuwa jina. Jina la kwenye makaratasi ya ofisi lilikuwa refu kama treni, Kipimo cha Kimeng'enya cha Tindikali ya Nyongo, na halikuenea kwenye lebo. Dakta Mhina, bosi wangu, mwanamke mfupi anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto aliyelala, alinigeukia mwaka jana akaniuliza, wewe mtu wa watu, utaliitaje? Nilikuwa nakula. Nikajibu na chakula mdomoni: Kipimo cha Nyongo. Tukacheka wote wawili, akaandika.

Siku ile ya ugomvi nilimsimulia yote. Dakta amezaliwa Muheza, anajua vizuri mtu akiambiwa ana nyongo maana yake nini, ila akiingia kazini huivua maana hiyo kama viatu mlangoni.  Akasema tu lebo zimeshasambazwa mji mzima.

Mimi nilikuwa na hamu nyingine. Nilitaka kujua kama mstari wa namba saba ulikuwa wa kweli. Maana kingamwili nazo ni kama watu, kuna inayokamata ilichotumwa, na kuna yenye tamaa inayokamata kila kinachopita. Njia ya kuijua ni kuishibisha. Unachukua kingamwili zako, unazilisha kimeng'enya safi mpaka kila mkono umejaa, ndipo unazipaka kwenye karatasi na kupitisha damu ileile. Zikikaa kimya, ule mstari wa kwanza ulikuwa wa haki: zilikuwa zinamtaka fundi yule tu, na sasa zimeshiba naye. Zikiendelea kushika, zina tamaa.

Vikaratasi vilivyotumika hurudishwa kwetu kwenye bahasha, na pembeni hubaki damu iliyokauka. Nililowesha ya namba saba. Kikaratasi cha kawaida kikakolea. Kilichoshibishwa kikabaki kitupu. Nikarudia mara mbili zaidi, nikiomba nikosee.

Nilimwambia Dakta nataka kupanda ghorofa ya nne na kuwatangazia watu: huyu hana chuki, huyu anaumwa. Akatikisa kichwa. Akanikumbusha kiapo nilichoapa siku niliyopewa koti, kwamba jibu ni mali ya mwenye kidole. Yeye peke yake ndiye wa kuambiwa, na yeye peke yake ndiye wa kusema.

*

Bi Mwanamvua alinipokea kwa chai ya tangawizi kabla sijasema kilichonileta. Chumba chake kidogo, safi, kina dirisha linalotazama reli. Nilimweleza taratibu. Hakushtuka. Alinionyesha viganja, vimekwanguliwa vyekundu. Alisema vinamwasha tangu mwezi wa Ramadhani, na akijitazama kwenye kioo weupe wa macho si mweupe sana.

Nikamuuliza swali lililokuwa linanikereketa tangu maabara. Sisi sote tunakula unga ambao yeye ameukubali. Mbaya wote unakwenda tanuruni. Sasa ini lake linabomolewa na nini?

“Ukishauonja unga,” nikamuuliza, “unatema?”

Alinitazama kama nimemtukana.

“Nitemeje unga wa mtu mbele yake, Tunu? Sikulelewa hivyo. Namwambia mchungu, hiyo peke yake inamtosha. Nimtemee tena?”

Anameza. Kwa miaka sita, kila unga mbovu ulioletwa mlangoni pa jiko letu, yeye alimeza hicho kidogo alichoonja, kwa adabu.  Sumukuvu yenyewe haina ladha. Kinachochacha ulimini ni kuvu iliyoizaa, na huyu mama alikuwa na ulimi wa kuisikia pale ambapo mimi na wewe tungekula na kuomba kuongezwa. Sisi wengine tulikuwa weupe kwenye ubao kwa sababu yeye alikuwa amekolea.

Nikamsihi awaambie watu. Akakataa, na hapo ndipo alipoongea kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea. Alikuwa na mdogo wake, Mwanakheri, aliyepata homa ya ini. Hakuna aliyemfukuza, walimpenda. Walimnunulia tu sahani yake. Kikombe chake wakakifunga uzi mwekundu kwenye mkono, kisichanganywe. Akawa anakula pembeni ya mkeka, halafu mlangoni, halafu chumbani.

“Alikufa kwa ini,” Bi Mwanamvua akasema. “Lakini alianza kufa siku ya sahani. Nyongo wataisahau, mwanangu. Itatokea harusi, utatokea msiba, watanihitaji, watasahau. Sahani haisahauliki.”

Nilimweleza kuwa ini lililoharibiwa na unga haliambukizi mtu. Akasema anajua mimi najua. Je, Kidawa anajua?

Sasa mimi nikiona mtu ana huzuni, huwa naongea, na nikiongea sipimi. Nikaanza kumpigia hadithi za kazini: Bibi Harusi na maganda yake, kingamwili zenye tamaa, namna tunavyozishibisha zikakaa kimya hata damu ipite vipi. Nilikuwa namchangamsha tu. Akaweka kikombe chini.

“Kumbe kipo kinachokaa kimya.”

Nikajua nimekwisha.

“Nitengenezee kimoja,” akasema. “Cha Ijumaa.”

Sikumjibu ndiyo, sikumjibu hapana. Nilipokuwa navaa ndala mlangoni akaniuliza kitu kingine, kama mtu anayekumbuka kuulizia bei ya vitunguu.

“Hivi, Tunu, na usomi wote huo, mbona mnatoboa watu? Kwa nini hamtoboi unga?”

*

Swali hilo nililala nalo, nikaamka nalo. Nilimfikishia Dakta Mhina Jumatatu asubuhi wakati tunampa Bibi Harusi maji. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alisema agizo la ofisi ya afya lilisema wapimwe watu, na hakuna aliyewahi kuuliza. Halafu akaanza kuongea haraka, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Ugumu, alisema, ni kwamba sumukuvu ni kitu kidogo mno. Ukimdunga ngamia sumukuvu peke yake, mwili wake hata hauioni. Ni kama sisimizi kupita sokoni. Ili ionekane lazima uibandike juu ya protini kubwa, iende imebebwa.

“Imepanda mgongoni,” nikasema.

“Imepanda mgongoni,” akasema Dakta, na akacheka peke yake mpaka ngamia akageuza shingo.

Jumatano tukamdunga. Zinahitajika wiki sita kabla ya kujua kama amekubali, na baada ya hapo kazi ya kuchuja na kupaka. Siyo Ijumaa hii.

Na Jumatano hiyohiyo jioni, wenzangu wakiwa wanakunja makoti, nilitengeneza kikaratasi cha kimya. Kilinichukua dakika kumi. Kwa macho hakina tofauti yoyote na vingine, ndiyo maana nilikunja kona yake moja, nisije nikakichanganya mimi mwenyewe. Nilikiweka kwenye pindo la kanga pamoja na kimoja cha kweli, nikafunga fundo, na fundo lile lilinikaa kiunoni siku mbili kama mawe.

Nilikuwa nikiwaza hivi. Nikimpa kile cha kimya, anabaki kwenye mkeka, na kesho yake anaonja tena, anameza tena, na mimi ndiye niliyempeleka. Nisipompa, anaishi labda, lakini upande wa pili wa ukuta. Na ubao je? Watu wa mji mzima wanatoboa vidole kila Ijumaa kwa kuamini karatasi haina upendeleo. Nikishatengeneza moja yenye upendeleo, hata kama hakuna anayejua, mimi nitajua, na nitautazamaje tena ule ubao?

*

Ijumaa jiko lilijaa mpaka wengine wakasimama juu ya ndoo. Watu wa ghorofa ya tatu walipanda, wa sita walishuka, kila mmoja na kisingizio chake: huyu anaazima chumvi, yule anatafuta paka. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa chumba cha pili. Mchicha wa nazi tayari, dagaa tayari, maji ya ugali yanachemka. Zamu ilikuwa ya Kidawa. Beseni lake la dona lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa, na tangu Ijumaa iliyopita hakukuwa na unga uliopikwa kwenye ghorofa yetu. Tulikula wali na mihogo wiki nzima. Walimwita mwenye nyongo, lakini hakuna aliyethubutu kubandika sufuria bila ulimi wake.

Nilimvuta Bi Mwanamvua kwenye kona ya beseni la kuoshea vyombo. Nikamfungulia pindo, nikampa vyote viwili, nikamnong'oneza kuwa chenye kona iliyokunjwa ndicho cha kimya. Nikamwambia siwezi kuchagua. Nikamwambia jambo moja tu naomba: leo, akionja, ateme.

Bwana Hamdani akakohoa, akasema tuanze. Bi Mwanamvua akauliza kama anaruhusiwa kuonja kwanza, maji yasije yakakaukia. Hakuna aliyekuwa ametarajia hilo. Kidawa akafunua kitambaa mwenyewe, taratibu, akarudi nyuma hatua moja na kukunja mikono, kama anayesema haya, mara ya nne hiyo.

Bi Mwanamvua akachukua unga kwa ncha za vidole. Akauweka ulimini. Akafumba macho. Halafu akageuka kwenye beseni la vyombo, akatema, akasukutua, akatema tena.

Jiko zima likavuta pumzi. Kidawa alifungua mdomo na jino la dhahabu likaonekana, lakini kabla sauti haijatoka Bi Mwanamvua alikuwa ameshasema.

“Mzuri. Mzuri sana. Mahindi ya juzi haya, yamekauka vizuri.”

Naapa nilimwona Kidawa akitafuta pa kuweka mikono yake. Alikuja na majibu ya matusi yote, hakuja na jibu la sifa. Na si yeye tu. Watu walikuwa wanatazamana. Mwanamke aliyeletwa kuhukumiwa, na mshitaki wake mbele yake, na neno moja tu lingetosha kumlipiza, kamwambia mzuri.

Bi Mwanamvua akaweka vile vikaratasi viwili mezani, mbele ya watu wote, pembeni ya unga.

“Viwili vya nini?” Kidawa akauliza.

 Bi Mwanamvua alinitazama tu, na nikaelewa kwamba mzigo ule hataubeba yeye. Nikaanza kuongea. Nikasema hiki ni cha kweli na hiki ni cha uongo, na cha uongo nimekitengeneza mimi, kwa mikono yangu, kwenye maabara, Jumatano. Nikasikia mtu nyuma akisema kumbe. Bwana Hamdani akataka kujua ni vingapi vingine vya uongo vimepita kwenye ubao. Nikamwambia hakuna, na nikamwambia vilevile kwamba sasa hana sababu ya kuniamini, kwa hiyo atazame mwenyewe.

Bi Mwanamvua akatoboa kidole. Tone moja kwenye chenye kona iliyokunjwa, tone moja, la kidole hichohicho, kwenye cha kweli. Watu wakasogea.  Hata yule wa mswaki, leo bila mswaki, alikuwa ameinama mpaka pua inagusa meza. Cha kweli kikaanza kuchora mstari, kwanza kama unywele, halafu kikakolea, kikakolea. Cha kimya kikabaki kitupu.

Wakaniuliza maswali kama kumi kwa mpigo. Damu moja, vipi majibu mawili? Nikawaeleza kingamwili ni nini na kushiba ni nini. Kwamba hiki kimekaa kimya kwa sababu nilikilisha kabla, hakina nafasi tena. Na hiki kimeshika kwa sababu kilikuja na njaa. Kidawa alivinyanyua vyote viwili kwenye mwanga, akavigeuzageuza. Alikuwa amesahau kukasirika, macho yamemkaza kama ya mtu anayefungua redio aone kilicho ndani.

“Kwa hiyo kinachosema hapa si moyo wa mtu,” akasema polepole. “Ni njaa ya karatasi.”

“Njaa ya kitu kimoja tu,” nikasema. “Kitu cha ini. Neno nyongo nililiweka mimi, kwa sababu lebo ilikuwa fupi na mimi nilikuwa nakula. Halina maana mliyoipa.”

“Basi lina maana gani?”

 Kiapo kilinikataza kusema, na kila mtu mle ndani alikuwa anasubiri, na mimi ndiye mtu pekee aliyekuwa na jibu na hakuwa na haki nalo. Bi Mwanamvua alikuwa anafuta kidole kwa pembe ya mtandio. Alichukua muda wake. Akatazama kile kikaratasi kitupu, kile ambacho kingemrudisha kwenye mkeka bila neno hata moja, akakiokota na kukitia kwenye taka.

“Miaka sita nawaambia watu ukweli wa unga wao,” akasema. “Leo nije kudanganya kwa damu? Waambie, Tunu.”

Nikawaambia. Ini, sumukuvu, ulimi wake, kumeza kwa adabu. Nilisema haliambukizi, nikasema mara mbili, nikasema hawezi kuonja tena hata kidogo, na kwamba tunamsomesha ngamia wiki sita kutoboa unga badala ya watu, wazo ambalo ni la Bi Mwanamvua mwenyewe. 

Nilipomaliza, Kidawa alikuwa anatazama sakafu. Hakuna aliyemwambia atazame. Niliona midomo yake ikihesabu, moja, mbili, tatu.

“Ule wa mwezi wa tatu,” akauliza, “nao uliumeza?”

“Niliumeza.”

 Kidawa akamimina unga, akashika mwiko, akasonga ugali kwa nguvu kana kwamba sufuria ilikuwa imemkosea. Akiwa anasonga, amewapa watu mgongo, alitangaza kuwa kwa wiki hizo sita kila mwenye zamu ataonja unga wake mwenyewe na atatema mbele ya wenzake, na atakayeona ametukanwa aje kwake. Bwana Hamdani alisema lilikuwa wazo lake pia.

Tukahamia mkekani. Watu wa ghorofa nyingine, ambao walikuwa wamekuja kuazima chumvi, walikaa pia. Sinia likawekwa katikati, ugali unatoa moshi, mchicha pembeni, dagaa wamemwagwa juu. Mimi nilikuwa nimeshakaa nilipogundua Bi Mwanamvua hayupo. Alikuwa amesimama mlangoni, ndala mkononi, na alikuwa anatazama kitu.

Bwana Hamdani, kwa wema wake wote, alikuwa amempakulia. Sahani mpya kabisa, ya bluu, imefunikwa kawa, imewekwa kwenye kigoda karibu na mlango, ugali wake, mchicha wake, dagaa wengi kuliko wa mtu yeyote. Alikuwa anatabasamu. Alisema ni kwa ajili ya afya yake, ale kwa raha zake.

Bi Mwanamvua akamshukuru. Akainama kuanza kuvaa ndala.

Kidawa alikuwa upande wa mbali wa mkeka. Aliinuka, akapita katikati ya watu, akakanyaga miguu ya wawili bila kuomba radhi. Akaichukua ile sahani ya bluu, akatupa kawa pembeni, akarudi nayo na kuipindua juu ya sinia, ugali juu ya ugali, mchicha ukachuruzika mpaka mkekani. Halafu akaketi, akambana Bwana Hamdani kwa nyonga mpaka nafasi ikapatikana, akaipigapiga kwa kiganja.

“Vua hizo ndala,” akasema. “Ingia tule, unapoa.”